Mto wa kitoto cha Kilifi
Ramadhani, siku ya 14



Akifa kitoto, huku kwetu utasikia: "Huyo ni malaika, wazikaji wachache wanatosha." Na mama anaambiwa anyamaze, atazaa mwingine.

Sasa sikiliza. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, Kenya, watafiti walifukua kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu. Taarifa ilitoka mwaka 2021. Kaburi lina miaka kama 78,000 (mwenye kubishia hesabu tuonane baada ya Tarawehe). Alichimbiwa shimo, akaviringishwa kwa kitu ambacho kimeshaoza, akalazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na inaonekana kichwa kiliwekewa mto. Mto, ndugu yangu! Maiti hahitaji mto. Aliyeuweka ndiye aliyeuhitaji.

Wewe una Kitabu, na unajua Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, angali wa kunyonya. Kilichokatazwa ni kujipigapiga na kurarua nguo, siyo chozi. Basi huyu mama tunamnyamazisha kwa dalili gani?

Juzi tumezika kitoto, tulikuwa watu sita. Leo baada ya Alasiri tunakwenda kwa wazazi wake. Njoo.