Kuweka Nyumba Rahani: Twamtii Nani?

 

Ndugu zetu Waislamu, masuala yanayotujia juu ya kununua nyumba na kuziweka rahani yamekuwa mengi. Huyu auliza: benki yataka hati, yataka nyumba ithaminiwe, yataka sahihi ya mke wangu, je, ina haki hiyo? Yule auliza: mkopo wa riba kwa ajili ya nyumba ya kukaa, je, si dharura? Na wa tatu auliza: nikiuza nyumba kwa sharti ya kuinunua tena, je, sitakuwa nimeepukana na riba? Tutayajibu yote, walakini chini yake liko suali moja ambalo hatujiulizi, nalo ni hili: katika mambo ya mali, twamtii nani?

Kwanza ifahamike kwamba rahani yenyewe ni halali. Imetajwa katika aya ya 283 ya Suratul Baqara, na Mtume (S.A.W.) alifariki hali deraya yake imo rahani kwa Myahudi mmoja, kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake. Rahani imewekwa ili mkopeshaji awe na matumaini ya kulipwa haki yake. Haikuwekwa ili imzalie faida.

Sasa tuangalie yale yanayotakwa na mkopeshaji hapa Kenya kabla hajatoa shilingi moja. Hutaka hati ya kumiliki, kisha humtuma wakili wake katika afisi ya ardhi akatazame daftari, ajue nani mwenye nyumba, na kama ina rahani nyingine au zuio la mahakama. Hutaka stakabadhi za kodi za ardhi. Hutaka mthamini aikague nyumba. Naye mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, sehemu 4 katika 100 ya thamani mjini, na 2 katika 100 mashamba, ndipo nyumba ihamishwe kwa jina lake. Na ikiwa ni nyumba wanamokaa mume na mke, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba rahani hiyo haisihi illa mwenzake atie sahihi, au ipatikane dalili ya kuwa ameridhia.

Watu hunung'unika kwa mambo haya, na wengine husema ni udhia wa Kizungu. Laiti wangalizingatia! Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, haikuteremshwa juu ya sala wala saumu. Imeteremshwa juu ya deni. Imeamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na wala tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Na imeamrisha kwamba mwenye kudaiwa ndiye atakayemsomea mwandishi la kuandika, yaani deni litoke katika ulimi wake mwenyewe, akilijua neno kwa neno. Leo mdaiwa hupewa makaratasi thelathini katika lugha asiyoifahamu, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, akatia. Je, huyu ameisoma aya hiyo?

Tazameni yanayotupata sisi watu wa Pwani. Mtu huuza nyumba kwa kuaminiana, kwa maneno matupu, na baada ya miaka ishirini watoto wa muuzaji wakaikana bei. Babu hufa, nyumba ikabaki katika jina lake mpaka kwa wajukuu, bila ya mirathi kugawanywa; wakubwa wakala pango, na mafungu ya dada zao na mayatima yakapotea. Haya hatuyaoni kuwa ni uovu mpaka siku tutakapotaka mkopo, benki ikatazama daftari, ikasema: nyumba hii si yako peke yako. Hapo ndipo twendapo mbio kwa Kadhi kutaka mirathi igawanywe! Mwenyezi Mungu ametuamrisha jambo hili tangu karne kumi na nne, tukalitupa. Mkopeshaji ametuamrisha jana, tukatii leo.

Mfano mwingine ni nyumba bila ardhi, ambazo ni nyingi Mombasa: jengo ni la huyu, na kiwanja ni cha yule, naye mwenye jengo hulipa kodi ya kiwanja. Kumiliki jengo juu ya ardhi iliyokodiwa hakukatazwi katika Sharia, lakini mkopeshaji huikataa rahani ya namna hii, kwani hapana hati ya ardhi ya kuishika. Basi aiuzaye nyumba ya namna hii na akamnyamazia mnunuzi, akamwacha adhani kuwa amenunua na kiwanja, huyo ameghushi. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa bei yao, na wakificha na kusema uwongo, baraka yake hufutwa. Basi benki ikikagua aibu za nyumba kwa kuhofia fedha zake, je, Mwislamu hakupaswa zaidi kuzitaja kwa kumhofu Mola wake?

Na juu ya sahihi ya mke, jawabu ni kwamba sharti hii haigongani na Dini. Ni kweli kwamba nyumba aliyoinunua mume kwa mali yake ni milki yake. Lakini kumpa mke makao ni wajibu juu yake, na mwenye kuweka rahani dari iliyo juu ya vichwa vya mke na watoto ameihatirisha haki ya wengine. Akishindwa kulipa, mkopeshaji hutoa ilani ya muda usiopungua miezi mitatu, kisha ilani ya siku 40 ya kuuza, kisha mnada. Ni uungwana gani mke kuipata habari hiyo kwa dalali aliyesimama mlangoni?

Hata hapa, mambo ya mkopeshaji ni mema, na yaliyo mema yana asili katika Dini yetu. Ubaya uko katika neno moja, nalo ni riba. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharimisha riba, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuila, na mwenye kuitoa, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Nasi tumefanya kinyume: katika yale ambayo mkopeshaji ameafikiana na Sharia, twanung'unika, na katika lile alilokhalifu, twampa mkono.

Wako wasemao: sisi hatukwendi benki, twakopeshana wenyewe kwa wenyewe. Vyema, lakini kwa masharti gani? Mtu hukopesha akashika shamba la minazi, akawa anaangua nazi mpaka siku atakapolipwa fedha zake kamili. Au hukopesha akahamia katika nyumba ya mdaiwa bila ya pango. Wanavyuoni wamekubaliana kuwa mkopo ulioshurutishiwa manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Basi nazi zile ni riba, japokuwa mwenye kuzila amevaa kanzu na kofia.

Na wako waliouza nyumba kwa sharti kwamba muuzaji akirudisha fedha atarudishiwa nyumba yake, naye akabaki humo akilipa pango. Hii ndiyo bei ya wafaa, na watu wa Hadhramaut waliiita bei ya uhda. Hatukatai kwamba wako wanavyuoni wa Kihanafi, na baadhi ya Mashafii wa Hadhramaut, walioiruhusu kwa haja ya watu wa zama zao. Lakini Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba haijuzu, kwani kwa hakika yake ni mkopo unaovuta manufaa. Fedha zimekwenda, zikarudi zile zile, na katikati pamelipwa ziada iliyopewa jina la pango. Kubadilisha jina hakubadilishi kitu.

Ama suali la dharura, watu huitaja fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa, lililokutana Dublin mwaka 1999, likawaruhusu Waislamu wa Ulaya kununua nyumba kwa mkopo wa riba. Wanavyuoni wengine waliipinga. Lakini hata mwenye kuifuata na aisome yote: ni kwa nyumba ya kukaa yeye na watu wake, asiwe na nyumba nyingine, asiwe na mali ya ziada, na isiwepo njia nyingine. Kenya, tangu mwaka 2008, yako mabenki yaliyofunguliwa kwa kufuata Sharia. Na asiyeweza kununua, kupanga nyumba si haramu wala si aibu. Dharura ni ya anayekosa makao. Anayekosa nyumba ya kujifakhirisha hana dharura.

Wala tusidanganyike kwa jina la mabenki hayo pia. Mwenye kuyaendea na aulize mambo matatu. Je, benki imeimiliki nyumba kwa kweli kabla ya kuniuzia, au karatasi tu imepita juu ya karatasi? Ikiungua ikiwa bado ni ya benki, hasara ni ya nani? Na nikichelewa kulipa, je, bei itazidi? Akiwa mwenye kuchukua faida hachukui hatari yoyote ya nyumba, basi na achunguze vizuri alichotia sahihi.

Ndugu zangu, kila mmoja na aanze na lililo mkononi mwake. Mwenye mirathi isiyogawanywa na aigawanye kabla hajaulizwa na benki, bali kabla hajaulizwa kaburini. Mwenye kuuza na aandike, na abainishe. Mwenye kudaiwa na asome, au asomewe kwa lugha yake, na amshauri mkewe. Na mwenye kudai, akimwona mdaiwa wake yu katika dhiki, na ampe muhula mpaka awe na nafasi, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 280. Na akimsamehe, ni bora kwake. Tukifanya haya tutakuwa tumemtii aliyestahiki kutiiwa, na mkopeshaji atakuta mengi ya masharti yake tumekwisha kuyatimiza kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, tena limebaki moja tu la kumkatalia.

Wabillahi taufiq.