Picha ya Ubongo na Lawama Zetu

Katika Mathayo 17 baba mmoja anamleta kwa Yesu mwanawe mwenye kifafa, aangukaye motoni na majini. Sisi wa Qurus tunamjua mtoto huyo. Tumeona makovu ya moto wa jikoni. Tumeona watoto waliofichwa ndani, wasiende shule wala ibadani, kwa sababu watu waliogopa kuambukizwa na povu la mdomoni. Tukiri pia: tulipoitwa kuomba katika nyumba hizo, mara nyingine tulianza kwa kuuliza kuna dhambi gani pale.

Ni kweli, Injili inasema Yesu alimkemea pepo. Lakini hakumlaumu mtoto wala baba. Katika Marko 9 alimwuliza baba hali hiyo imekuwapo kwa muda gani. Na katika Yohana 9, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alilikataa swali lao.

Tangu mwaka 1971 mashine ya CT-Scan imewawezesha madaktari kuona ndani ya fuvu bila kulipasua. Miale ya eksirei hupita kichwani kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huunganisha vipimo kuwa picha za ubongo, kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Ng'ambo ya Mbulu, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, watafiti walichunguza kwa picha hizo watu wenye kifafa. Baadhi yao walionekana kuwa na vifuko vya tegu wa nguruwe katika ubongo. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo tumboni, yakaingia kinywani mwa mwingine kwa mikono michafu, maji au mboga. Hata asiyekula nguruwe anaweza kuugua. Basi huenda nyumba tuliyoitaka itubu laana ya mababu ilihitaji choo, sabuni, na banda la kufungia nguruwe.

Tunamshukuru Mungu kwa picha hiyo. Lakini swali gumu linabaki. Wengi wenye kifafa hupigwa picha na hakionekani kitu. Mama anarudi na bahasha yake, na majirani wanasema, "Mmeona? Hospitali imeshindwa, ni pepo." Je, tutamrudishia lawama kwa sababu picha ni safi?

Hasha. Mashine ile huona umbo la ubongo. Kifafa ni hitilafu katika umeme wa ubongo, nayo inaweza kuwapo bila kubadili umbo. Picha safi haisemi kwamba mgonjwa ni mzima, wala haisemi kwamba amelaaniwa. Dawa za kila siku bado zinaweza kumsaidia, na asiziache ili kuthibitisha imani yake. Anayemeza kidonge na kuomba hamkosei Mungu.

Kama huruma yetu inangoja daktari atuonyeshe doa, hiyo si huruma ya Kristo. Yeye hakudai ushahidi kabla ya kumpokea mtoto. Basi tumtoe mgonjwa chumbani, tumpe nafasi kwenye benchi karibu nasi, tuchange nauli ya kliniki. Akianguka katikati ya ibadani, tumlaze ubavu, tusimtie kitu mdomoni, tukae naye mpaka azinduke. Tusimkimbie. Povu lile haliambukizi.