Kudai Jambo Moja si Kuwa Kitu Kimoja

Abiria wawili wapanda chombo kimoja bandarini Mkoani, Pemba, kwenda Unguja. Mmoja aenda kumwuguza mamaye. Mwenziwe aenda kulipiza kisasi. Safari yao ni moja. Je, na nia yao ni moja?

Swali hilo lilitukabili mwaka 2012, Katiba mpya ilipokuwa ikijadiliwa. Chama cha CUF, kilichopata majimbo yote 21 ya Pemba katika uchaguzi wa 1995, kilitaka Zanzibar iwe na mamlaka zaidi katika Muungano. Jumuiya ya Uamsho, iliyochanganya mahubiri na siasa, ikadai wananchi wapige kura juu ya Muungano wenyewe. Sheria ya mwaka 1992 yakataza chama cha siasa cha dini. Lakini hoja haihitaji kusajiliwa ili itoke katika mhadhara na kupanda jukwaani. Basi wengi wakasema: hawa ni wamoja.

Mei 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja. Tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi akauawa kwa risasi. Uchungu wetu ulikuwa wa haki, lakini uchungu si hakimu mwema. Mkulima wa karafuu wa Wete aliyetaka serikali tatu hakushika kiberiti. Na Tume ya Jaji Warioba iliandika pendekezo lilo hilo katika rasimu yake ya 2013. Viongozi wa Uamsho nao walishitakiwa kwa ugaidi, na mashitaka yakafutwa Juni 2021 pasipo hukumu ya hatia. Hunenwa kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Watu si samaki: kila mmoja hupimwa kwa tendo lake, nia yake na njia aliyoifuata.

Hata hivyo chama kikubwa chochote kina deni lake. Kiongozi anayepokea shangwe za wenye chuki, naye akanyamaza kwa kuogopa kupoteza kura, ameshiriki chuki ile. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Basi, wazazi wapenzi, tuwafundishe watoto wetu kuuliza si jambo gani ladaiwa tu, bali ladaiwa kwa ajili gani na kwa njia gani. Na siku hoja yetu njema itakaposhangiliwa na mtu amchukiaye jirani yake Mwislamu, tusingoje wengine wamkanye. Tumkanye sisi kwanza.