Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 9: Daktari akisema usifunge



Kuna mzozo unaorudi kila Ramadhani na hatuusemi. Mwenye kisukari anakatazwa na daktari kufunga. Anaitikia, halafu anafunga. Kliniki akiulizwa, anasema anakula vizuri. Daktari anaona vipimo vimevurugika, anaongeza dozi. Dawa nyingi, tumbo tupu: sukari inashuka, mtu anazimia. Hapo ndugu wanasema daktari kamharibia mzee wetu, naye daktari anasema wagonjwa hawa waongo.

Nani mwenye kosa? Tusikimbilie kumlaumu mgonjwa. Mnakumbuka mwaka 2011, watu walivyofurika Samunge, kule Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Masapila kwa shilingi 500? Wapo walioacha hadi ARV. Tukiita ujinga tu, tumekosea. Mtu aliyekaa foleni toka alfajiri, akaandikiwa dawa bila hata kutazamwa usoni, moyo wake umeshahama hospitali kabla hajainuka kwenye benchi.

Kwa hiyo mwenye elimu ndiye aanze. Daktari aulize kwanza: mzee, Ramadhani hii unafunga? Wapo ambao dozi inaweza kupangwa kwa futari na daku, na wapo ambao haiwezekani kabisa. Hatajua asipoambiwa, hasa kama yeye si Mwislamu.

Na wewe mgonjwa, ruhusa ya kula si ya daktari. Ni ya Allah, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Ukipona unalipa, ugonjwa usiotarajiwa kupona, unalisha masikini.

Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini. Akapata janaba, akauliza kama anaweza kutayamamu. Wenzake wakamwambia hapana, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akasema wao ndio waliomuua, kwa nini hawakuuliza? Hadithi hii inatugusa sisi mashekhe kwanza, tunaowaambia wagonjwa "jikaze tu, Allah atakusaidia."

Ukitendewa vibaya hospitali, muone mganga mfawidhi, au peleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni haki yako. Lakini kumtukana nesi dirishani, au kumtangaza kwenye grupu la WhatsApp kabla ya kumsikia, hiyo saumu unaila mwenyewe.

Wenye kliniki wiki hii, kabla ya kutoa kidole kupimwa, semeni: daktari, mimi nimefunga. Anayeogopa kusema aje tuonane baada ya tarawehe, nitamsindikiza.

Wabillahi tawfiq.