Je, Kunakili Kisichopungua si Wizi?

Wengi wetu katika miji hii ya pwani, tukiulizwa juu ya kunakili kazi ya mtu bila ya idhini yake, hujibu upesi: "Sikumtwalia kitu, chake angali nacho." Jawabu hii ilizoeleka tangu zamani za kanda, ikaendelea katika simu. Leo imefika mahali papya, nayo yataka kupimwa upya.

Mahali penyewe ni ile miwani ya kielektroniki ambayo mtu huivaa akajiona yumo ndani ya nyumba au mji usiokuwapo mbele yake. Natupige mfano. Fundi wa kompyuta atengeneza sura ya nyumba ya mawe ya Lamu: daka lake, kiwanda chake, vidaka vya chokaa na mlango wa nakshi. Hachori picha moja, bali kila upande wa kila kitu, kwa kuwa mvaaji atageuka, atainama na atazunguka. Kazi hiyo humla miezi. Kisha huirusha kwa intaneti, na watu hulipa ili waingie. Akitokea mjanja akaichopoa sura ile katika mashine yake, hakupata picha tu. Amepata nyumba nzima, na kesho aweza kuiuza kwa jina lake mwenyewe.

Je, huyu hakutwaa kitu? Twasema ametwaa. Fundi hakuuza mbao wala chokaa. Aliuza kazi yake. Mtu akimwajiri seremala, kisha akatae kumlipa kwa hoja kwamba mikono ya seremala haikupungua, ni nani atakayemhisabu kuwa mtu wa haki? Wala haya si maoni yetu peke yetu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwezi wa Disemba 1988, iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zahifadhiwa kisharia, na haijuzu kuzivamia. Na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yamlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Tukisha kuyakubali hayo, yatupasa tutazame na upande wa pili, nao ni upande wa kufuli. Iko njia ya kuifunga kazi kwa fumbo, na ufunguo akapewa aliyelipa. Lakini mashine ya mnunuzi haina budi kulifumbua fumbo hilo ili aione nyumba, na hapo ndipo mjanja huvizia. Iko njia ya kutia alama iliyofichwa. Hii haizuii wizi, bali husaidia kujulisha nakala imetoka kwa nani. Na iko njia ya kuibakisha nyumba yote katika mashine ya mwenyewe, mbali, na mnunuzi akaletewa picha tupu, mpya kila ageuzapo kichwa.

Njia hii ya mwisho ndiyo imara zaidi, lakini ina gharama mbili. Ya kwanza, wajuzi husema picha isichelewe zaidi ya kiasi cha milisekunde 20, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde, la sivyo mvaaji huenda akashikwa na kizunguzungu. Basi mwenye intaneti dhaifu hulipa sawa na mwenziwe, akapata pungufu. Ya pili, mnunuzi hana alichokishika mkononi. Google ilikuwa na huduma ya michezo ya kompyuta iliyorushwa kwa njia kama hii, jina lake Stadia. Ilifungwa tarehe 18 Januari 2023, na michezo iliyonunuliwa humo haikuchezeka tena. Google iliwarudishia wanunuzi fedha zao, na hilo ni jambo la haki. Lakini muuzaji asiyerudisha, mnunuzi atamshika kwa lipi?

Kwa hivyo muuzaji ana wajibu wa kusema wazi: nauza, au nakodisha? Akiwa aruhusu kuingia tu, asikuite kununua. Kufuli ni haki yake, lakini kuficha sharti za kufuli ni khiyana.

Ama yule anakiliye, natumrudishie jawabu yake. Asema hakumtwalia mtu kitu. Basi na atazame: kila nakala ya wizi humfanya fundi azidishe kufuli, na kufuli hilo halimlemei mwizi, ambaye ameshapita, lamlemea jirani yake mwaminifu aliyelipa. Huyo ndiye alipaye ujira wa fundi, na gharama ya kufuli, na khasara ya siku mlango ufungwapo. Mwenye kunakili hakumdhulumu mmoja aliye mbali asiyemjua. Amewadhulumu wawili, na wa pili akaa naye mtaa mmoja.