Nyumba tupu wakati wa usiku

Neno: Mathayo 12:43-45



Katika neno hili Bwana Yesu anatuonyesha pepo mchafu aliyemtoka mtu. Anazunguka pahali pakavu akitafuta kupumzika, hapati. Anarudi kule alikotoka. Anakuta nyumba imefagiwa, imepambwa, lakini hakuna mtu ndani yake. Basi anakwenda kuita wenzake saba walio wabaya kuliko yeye, nao wanaingia kukaa. Angalieni vizuri: nyumba ile haikuwa chafu. Ilikuwa na kosa moja tu, ilikuwa tupu.

Leo tutazame neno hili kwa mfano wa mji mmoja wa Uingereza, Manchester. Wengi wanaujua kwa ajili ya mpira. Lakini kuko damu yetu kule. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2020 serikali ya Uingereza ilikuwa na mpango wa kupokea wakimbizi, na Wakongo kati yao walipewa makao katika miji iliyo karibu na Manchester, kama vile Bolton. Waliofika wakiwa watoto wadogo ni vijana leo. Na mzazi aliyebaki huku anajiuliza moyoni: siku ya posho jioni, mtoto wa ndugu yangu anakwenda wapi?

Katika Manchester, kwenye njia inayoitwa Peter Street, kuko nyumba kubwa ya zamani, jina lake Albert Hall. Wamethodisti waliimaliza mwaka 1910. Waliijenga kwa ajili ya kazi ya Misheni yao, sababu waliona wafanyakazi wa mji wakipokea mshahara na kuupeleka katika nyumba za pombe. Misheni ile haikuhubiri siku ya Mungu peke yake. Iliwapa watu pahali pa kukaa jioni, pamoja na nyimbo na mazungumzo, bila pombe. Lakini miaka ilipita, watu wakapunguka, na mwaka 1969 ibada zikaisha. Baadaye, toka 1999 hadi 2011, chini ya nyumba ile kulikuwa bare na dansi. Na toka mwaka 2013 chumba cha juu, pale walipoomba wazee wale, ni ukumbi wa muziki wa usiku. Kinanda kikubwa cha kanisa kingali ukutani.

Ninawauliza: je, dansi ilifukuza maombi? Hapana. Maombi yalitoka kwanza, nyumba ikabaki tupu miaka mingi, ndipo wengine wakaingia. Ni neno lile lile la Bwana.

Mtu atasema: basi, serikali iweke sheria. Waingereza walifanya hivyo. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia walipunguza saa za kuuza pombe, sababu wafanyakazi wa viwanda vya silaha walikuwa wanalewa. Kwa miaka mingi baadaye nyumba za pombe zilifungwa saa tano usiku. Lakini mwezi wa Novemba 2005 sheria mpya ilianza, na mwenye bare akaweza kuomba ruhusa ya kuuza mpaka usiku sana. Sheria inaweza kufunga mlango wa bare. Haiwezi kuketi pamoja na kijana ambaye hana pahali pa kwenda.

Wala msifikiri kwamba nyumba ikijaa watu imejaa uzima. Tarehe 21 Mei 1982, katika Manchester hiyo hiyo, walifungua nyumba ya dansi iliyoitwa Haçienda, ndani ya ghala lililokuwa duka la kuuza mashua. Ilipata sifa duniani pote. Vijana walisimama mstari njiani wakingojea kuingia. Lakini wengi walikuwa wanameza vidonge vya kulevya na kunywa maji tu, hivi nyumba ilijaa watu na sanduku la feza likakosa. Mwaka 1989 msichana wa miaka 16 alimeza kidonge pale, akafa. Wauza dawa wakaja na bunduki. Mwaka 1991 nyumba ilifungwa kwa muda. Mwaka 1997 ilifungwa kabisa, mwaka 2002 ikabomolewa, na pahali pake wakajenga nyumba za kupanga. Miaka 15 ya kelele, kisha mavumbi.

Sasa, ndugu, tujilinde na ulimi. Tarehe 22 Mei 2017 usiku, watu walikuwa wanatoka katika onyesho la muziki kwenye ukumbi mkubwa wa Manchester, wasichana wengi wadogo kati yao. Mtu mmoja alilipusha bomu, watu 22 wakauawa. Wamo wazazi waliokuja tu kupokea watoto wao. Mtu akisema kwamba Mungu aliwaazibu kwa sababu ya muziki, asome Luka 13. Pale Bwana anataja watu 18 walioangukiwa na mnara, na anakataa kusema kwamba walikuwa wenye zambi kuliko wengine. Usiku ule wenye taksi walibeba watu bila malipo, na wenyeji walifungulia wageni milango yao. Upendo ulitembea usiku katika mji ule.

Upendo huo unaweza pia kupangwa kama kazi. Mwaka 2003, katika London, mchungaji Les Isaac, mzaliwa wa kisiwa cha Antigua, alianzisha kazi ya wakristo wanaotembea usiku pale penye mabare na nyumba za dansi. Kazi hiyo ikaenea katika miji mingi ya Uingereza. Ni watu wa makanisa mbalimbali, papa na mama wenye kazi zao za mchana. Wanatoka siku ya tano na siku ya posho, wanatembea mpaka karibu na mapambazuko. Wanabeba maji ya kunywa. Wanabeba kandambili, sababu wasichana waliochoka wanavua viatu virefu na kukanyaga vipande vya chupa. Aliyelewa wanamsaidia apate taksi. Anayelia wanamsikiliza. Hawaanzi kwa kumhukumu mtu.

Sisi wana wa Papa Simon Kimbangu tuna maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Amri tunazijua: tusinywe pombe, tusivute tumbako, tusicheze dansi. Amri inafagia nyumba, na ni vema ifagiwe. Lakini tukimfagilia kijana jioni yake, kisha tukamwacha peke yake, tumemtayarishia nani nyumba ile?

Wazee wetu walielewa jambo hili. Ndiyo maana kuko tarumbeta, filimbi na makwaya katika parokia zetu: jioni ya kijana iwe na kitu ndani. Mwaka 1994 Papa Armand Diangienda alianzisha orkestra katika Kinshasa pamoja na watu ambao wengi hawakujua kusoma muziki, wakigawana vyombo vichache. Mwaka 2014 orkestra hiyo ilikwenda Uingereza, ikapiga mbele ya Waingereza. Jioni zilizojazwa kwa kazi zilizaa tunda lile.

Basi tufanye mambo matatu. Kwanza, mwenye mtoto au ndugu Uingereza ampigie simu siku ya posho jioni, amuulize habari zake, asiombe feza. Pili, mlango wa parokia usifungwe saa kumi na mbili; mashemasi tupokezane zamu ili vijana wapate pahali pa kuimba, kusoma na kuzungumza. Tatu, mtoto akirudi usiku ananuka pombe, mfungulie mlango, mpe maji, alale. Asubuhi utasema naye juu ya Amri, naye atakusikia.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ajaze nyumba zetu, mchana na usiku. Amina.

Shemasi wa parokia