Jina Ni Lako, Pesa Si Yako

Ukiita "Koech!" pale stendi ya Brooke, watu wanne watageuka, na huenda hakuna hata mmoja aliye ndugu wa mwingine. Wazee wanajua sababu, ila vijana wetu wa bweni pengine hawajaambiwa. Kipkoech ni mtoto aliyezaliwa kunapopambazuka. Kibet ni wa mchana, Kiprotich ng'ombe wakirudi nyumbani, Kipruto safarini. Zamani kijana akishatoka jandoni aliitwa arap na jina la baba yake: mwana wa Kipkoech akawa arap Koech, na mwana wa huyo naye akabeba jina lingine. Kisha zikaja shule na vitambulisho, jina likaganda kwa wajukuu wote, hata aliyezaliwa saa sita mchana.

Kwa hiyo Koech inakuambia kuna babu fulani aliyezaliwa alfajiri, basi. Undugu unaulizwa kwa oret, yaani ukoo. Ndiyo maana Rotich anaweza kumuoa binti Rotich, na wazee wakala ng'ombe bila wasiwasi.

Sasa, kama jina halitufanyi ndugu, linatudai nini?

Chukua M-Pesa. Mzazi anatuma karo, anakosea tarakimu moja. Simu inamwonyesha Koech, naye anaona ni sawa, anabonyeza. Koech mwingine kabisa anapokea, na akipigiwa anasema, "Hata mimi ni Koech, Mungu amenibariki." Ati baraka! Yule mzazi aliliamini jina, na huyu amelitumia kama ufunguo wa nyumba ya jirani.

Sisi tuliosoma biashara tunajua jina ni mali. Hiyo Brooke tunayoshukia imetoka kwa Brooke Bond. Arthur Brooke alifungua duka la chai Manchester mwaka 1869, na hakukuwa na mtu anayeitwa Bond. Aliongeza neno hilo liwe kama ahadi kwa wateja. Kampuni ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, mashamba yamebadilisha mikono tena, lakini makanga bado wanaita "Brooke, Brooke!" Jina hudumu kuliko mwenyewe. Hata wewe dukani unakopeshwa unga kwa sababu kuna mtu wa jina lako aliyelipa kabla yako.

Na kuna wanaolipishwa wasichokula. Katika Yohana 14:22 mwanafunzi mmoja anauliza swali zuri, lakini mwandishi analazimika kwanza kutueleza kwamba huyu Yuda si Iskariote. Huwa namhurumia sana. Hakupokea hata kipande kimoja cha fedha, lakini hatajwi bila kusafishwa kwanza.

Safaricom wanayo namba 456 ya kuomba pesa irudishwe. Lakini ukiwahi kwa wakala ukaitoa, yule Koech wa karo anabaki na meseji tu kwenye simu, na mtoto wake yuko nje ya geti.